Allie, Dewey na viboko sita vya bwenini

SWALI: "Mimi ni mwalimu, na pia patroni wa bweni la wavulana katika shule moja ya sekondari hapa mkoani Tanga. Wakati wa likizo baadhi ya wanafunzi wangu waliangalia tamthilia ya Marekani, The Society, ile ya vijana wanaorudi kutoka safari ya shule wakakuta mji wao hauna mtu mzima hata mmoja. Waliporudi shuleni wakaanzisha 'mahakama' yao. Wiki tatu zilizopita shilingi 35,000 ziliibiwa kwenye tranka la kiranja wa bweni. Wakakaa kikao baada ya prepo, kiranja huyohuyo akiwa mwenyekiti, wakamtia hatiani mvulana wa kidato cha pili kwa kuwa alionekana karibu na tranka na alikutwa na shilingi 10,000. Yeye alisema alipewa na mjomba wake wa Pangani. Wakamchapa viboko sita, wakamfulisha nguo za chumba kizima kwa wiki mbili, na wakapiga marufuku mtu yeyote kumsemesha. Nilipopata habari niliwaka. Kiranja akanijibu kwa adabu kabisa: 'Mwalimu, sisi tulifanya kesi, hatukumpiga kama vibaka wanavyopigwa sokoni. Na Allie angemwachia Dewey, nani pale angekuwa salama?' Nilikosa la kusema. Naomba msaada wako kama mwanasheria: Allie alikosea wapi? Na hii mahakama ya vijana wangu niivunje, au niinyooshe?"

JIBU: Mwalimu, pole kwa mtihani huo. Umeniletea kesi mbili kwa mpigo, moja ya kwenye runinga na moja ya bwenini kwako, na kwa kawaida ningeanza na ya bwenini maana huko ndiko kuna mtoto aliyeumizwa. Lakini kiranja wako hatakuelewa kuhusu viboko kabla hujamjibu kuhusu Allie. Huyo kijana ana hoja. Ukimzima kwa ukali wa cheo chako utakuwa umemthibitishia kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na hilo ndilo tunalotaka alikatae.

Kwa wasomaji ambao hawakuiona, tamthilia hii ilitoka Netflix mwaka 2019, sehemu kumi tu. Msimu wa pili ulitangazwa, kisha mwaka 2020 ukafutwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo hadithi imebaki inaning'inia. Vijana wa mji wa West Ham, jimbo la Connecticut, wanarudishwa na mabasi usiku na kukuta wazazi hawapo, na pande zote za mji ni msitu. Cassandra, msichana mwenye akili na msimamo, anakuwa kiongozi: chakula kiliwe pamoja, nyumba zigawanywe, kila mtu awe na zamu ya kazi. Wenye majumba makubwa wananung'unika. Cassandra anapigwa risasi na kufa. Mdogo wake, Allie, anashika uongozi na kuunda kikosi cha walinzi kutoka kwenye timu ya shule ya mpira wa Kimarekani, wale vijana wenye miili na jaketi zao za timu. Dewey anakamatwa kwa mauaji hayo. Anashtakiwa mbele ya wenzake, anatiwa hatiani, na suala la afanywe nini linaangukia mikononi mwa Allie. Dewey anapelekwa msituni na kupigwa risasi.

Kiranja wako anasema kweli kwamba huo haukuwa mchezo wa "wananchi wenye hasira kali" tunaousoma kwenye habari kila kukicha. Walikaa, wakasikiliza, wakauliza habari ya bunduki, wakabishana. Kwa watoto wasio na polisi, hakimu wala gereza, hiyo ni hatua. Nawe ukiwa mkweli kwa wavulana wako, waambie kwamba kukaa kikao badala ya kumvamia mtu gizani ni afadhali. Mwanzo huo wa kukubali utakusaidia baadaye.

Sasa tuje kwenye kosa la kwanza la kufikiri, nalo limeenea hata kwa watu wazima: kwamba palipo na kikao pana haki. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inataka mambo kadhaa, na mawili yanahusika hapa moja kwa moja. Mtu asikilizwe kwa ukamilifu na awe na haki ya kukata rufaa. Na asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Neno "kusikilizwa" wengi huwaza ni kupewa nafasi ya kusema. Nenda ukae siku moja Mahakama ya Mwanzo uone lilivyo pana.

Shahidi amemaliza. Hakimu anamgeukia mshtakiwa: "Una swali kwa shahidi?" Kijana anajibu, "Mheshimiwa, huyu mwongo, mimi siku hiyo nilikuwa Muheza." Hakimu anamkatisha: hayo utayasema kwenye utetezi wako, sasa hivi muulize swali. Kijana ananyamaza. Hajui kuuliza, anajua kukataa tu. Hakimu mvivu ataandika "hana swali" na kuendelea. Hakimu mwenye kujua kazi yake atasimamisha kalamu: "Unataka kumuuliza kama ana hakika ni wewe aliyekuona?" Kijana anaitikia kwa kichwa. Shahidi anajikuna, anatazama chini, anasema, "Kulikuwa na kigiza kidogo." Kesi nzima imegeuka hapo, kwa swali ambalo mshtakiwa mwenyewe asingeweza kuliunda. Kusikilizwa ni pamoja na kusaidiwa kuuliza, kupewa muda, na kufuatiliwa kwa yale uliyoyataja. Bwenini kwako mvulana alitaja mjomba wa Pangani. Nani alimpigia simu mjomba? Kwa maelezo yako, hakuna. Basi mvulana huyo alisema, ila hakusikilizwa.

Jambo jingine dogo nipite nalo haraka, kwa kuwa najua vijana wataliuliza. Kule Marekani wananchi wa kawaida ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia, na ndicho tamthilia ilichoiga. Kwetu anayeamua ni hakimu au jaji. Kwa miaka mingi Mahakama Kuu ilikaa na wazee wa baraza, lakini maoni yao hayakumfunga jaji. Kwa hiyo wavulana wako wasidhani kwamba mikono mingi ikinyanyuliwa basi sheria imetimia.

Kosa la pili ni zito zaidi: kwamba serikali ilikuwa haipo, kwa hiyo sheria haikuwapo, kwa hiyo Allie alikuwa huru kufanya lililomlazimu. Kuna kesi ya kweli ambayo kila mwanafunzi wa sheria hukutana nayo mwaka wa kwanza. Mwaka 1884 mashua ya Mignonette ilizama kusini mwa Atlantiki ikiwa safarini kutoka Uingereza kwenda Australia. Watu wanne walibaki kwenye kimashua kidogo: nahodha Dudley, Stephens, Brooks, na kijana wa miaka 17 aitwaye Richard Parker. Maji hakuna, chakula kimekwisha. Baada ya siku zipatazo 20, Parker akiwa hoi kwa kunywa maji ya bahari, Dudley na Stephens walimuua, na wote watatu wakamla. Siku chache baadaye meli ikawaokoa. Walipofika bandari ya Falmouth walisimulia kila kitu bila kuficha, kwa kuamini kwamba bahari ina kanuni zake na watu watawaelewa. Watu wengi waliwaelewa kweli. Mahakama haikuwaelewa. Dudley na Stephens walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha miezi sita.

Majaji wale hawakudharau njaa yao. Walihoji kitu kingine: nani apime kwamba dharura imefika kiasi cha kumtoa mtu roho? Ukikubali hoja ya dharura, anayepima ni yuleyule atakayefaidika. Na aliyechaguliwa kufa alikuwa nani? Mdogo kuliko wote, mgonjwa, asiye na mtu wa kumtetea. Mwalimu, mtazame mvulana wako wa kidato cha pili katikati ya viranja, halafu isome kesi hiyo tena.

Hapo ndipo ninapoona kosa la Allie lilipo, na si pale watu wengi wanapolitafuta. Wengi hubishana kama adhabu ya kifo ilimstahili Dewey. Mimi nasema hata angehukumiwa kufagia barabara mwezi mzima, bado hukumu ile ingekuwa na ufa, kwa sababu ya mikono iliyoishika. Aliyefiwa na dada ni Allie. Kikosi kilichomshika Dewey na kumlinda ni cha Allie. Aliyeamua adhabu ni Allie. Na hakuna mlango hata mmoja ambao Dewey angeweza kuugonga baada ya pale. Mfiwa hawezi kuwa hakimu wa muuaji wa ndugu yake, hata awe mwema namna gani, na Allie amechorwa kama msichana mwema. Huo ndio ubora wa tamthilia hii kwa maoni yangu: haikumpa madaraka mtu mbaya ili tumlaumu kirahisi.

Sisi watu wa mwambao huu tuna mfano wetu, na wanafunzi wako wanaufahamu kutoka somo la historia bila kuutazama kwa jicho la sheria. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano yaliyoanzia Pangani mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, akaletwa na jeshi kuyazima. Desemba 1889 Abushiri alikamatwa, akapelekwa Pangani, na tarehe 15 mwezi huo akanyongwa. Aliyepigana naye, aliyemsaka, aliyemhukumu na aliyemtundika ni jeshi lilelile. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Hakuna mwanafunzi wa Tanga atakayekwambia ile ilikuwa haki, na waulize kwa nini: je, ni kwa sababu Wajerumani hawakukaa kikao? Kikao walikaa. Waache wapambane na swali hilo prepo nzima.

Tuendelee na Allie, kwa kuwa tamthilia yenyewe inampa kiranja wako jibu la "nani angekuwa salama." Baada ya Dewey kuuawa, nani alikuwa salama? Sherehe ya Shukrani ya Wamarekani (Thanksgiving) ikafika, watu wakala pai ya maboga yenye sumu. Elle, msichana aliyekuwa akiteswa nyumbani na mpenzi wake, Campbell, alikuwa ameitia sumu kwa ajili yake, wakaugua wengi. Fikiria: msichana anateswa katika mji wenye kiongozi, kikosi cha walinzi na mahakama iliyokwisha kuua mtu, naye anaona sumu ndiyo njia yake. Hakuiona mahakama ile kuwa mahali pa kukimbilia. Kisha walinzi wakamshika Lexie, ambaye hakuhusika, wakamhoji kwa ukatili. Lexie akatoka na kinyongo, akagombea uongozi. Na uchaguzi ulipofika walinzi walewale wa Allie wakashirikiana na Campbell, wakamzushia Allie kwamba anataka kuiba uchaguzi, wakamkamata. Harry, mmoja wa wale wenye majumba makubwa, na Lexie wakakalishwa kitini.

Hili la walinzi ndilo ningependa ulikalie kitako na vijana wako kuliko yote. Watu hudhani madaraka yako kwa anayetoa amri. Yako kwa anayeweza kutekeleza amri, na pia akaamua kutoitekeleza. Allie aliwafundisha walinzi kwamba kuna siku unambeba mwenzako msituni na hurudi naye, na kwamba kinachotakiwa ni neno la kiongozi tu. Akishalijenga hilo, kilichobaki ni swali la nani atawaambia hilo neno. Kwetu kazi hizi zimegawanywa makusudi: polisi anapeleleza, mwendesha mashtaka anapima kama kuna kesi, hakimu anaamua, magereza wanatekeleza, na mahakama ya juu inaweza kuwafumua wote. Wananchi hulalamika kwamba inachelewesha, na kweli inachelewesha, wakati mwingine kupita kiasi; nina wateja wanaosota mahabusu na sitakuficha kwamba hilo nalo ni dhuluma. Lakini mgawanyo huo umewekwa ili mtu mmoja mwenye uchungu asiweze kuufikisha uchungu wake mpaka mwisho peke yake.

Hata kwenye adhabu ya kifo, ambayo ipo kwenye vitabu vyetu kwa kosa la kuua kwa kukusudia, tazama mikono mingapi inapita. Kesi husikilizwa na Mahakama Kuu, kuna Mahakama ya Rufani juu yake, na baada ya hapo Rais ana mamlaka ya kusamehe au kubadilisha adhabu. Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994. Mwaka huohuo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu hiyo inapingana na Katiba, kwenye kesi ya Mbushuu. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikasema Katiba inairuhusu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikasema kumlazimisha jaji atoe kifo bila kumwachia uamuzi ni kukiuka haki ya kuishi. Mjadala haujaisha. Kimoja hakina mjadala: mtu aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo kwa sheria yetu. Wale wa West Ham ni vijana wa umri wa sekondari.

Kiranja atakurudia: "Sasa Allie angefanyaje? Gereza hawana, chakula kinapungua, wamlishe muuaji?" Ni swali halali, usilikwepe. Kumfungia mtu kunahitaji chumba, walinzi wa zamu na sahani ya chakula kila siku, na kuna hatari atoroke au awachonganishe wanaomlinda. Jibu langu ni kwamba walikuwa na nyumba tele zisizo na watu na walikuwa na muda. Angeweza kusema, mimi nimefiwa, simamieni ninyi. Angeweza kuirudisha adhabu kwenye mkutano wa wote kanisani, walikokuwa wakikutana. Angeweza kuahirisha. Kuahirisha kungewagharimu, ila gharama hiyo ingelipika, na risasi hairudi.

Na kama watakwambia vijana wakiachwa peke yao lazima waishie kuuana, wape habari ya wavulana sita wa Tonga, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Juni 1965 waliiba mashua, wakatoroka shule yao ya bweni, dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa kisicho na watu kiitwacho 'Ata. Waliishi huko zaidi ya mwaka, wakaokolewa Septemba 1966 na nahodha Mwaustralia, Peter Warner. Wakigombana, kila mmoja alikwenda upande wake wa kisiwa mpaka hasira iishe, kisha wanarudishwa kupatana. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakaufunga mpaka ukaunga. Walipofika nyumbani walikamatwa kwa wizi wa mashua, na Warner ndiye aliyemlipa mwenye mashua ili waachiwe. Sheria iliwakumbuka hata wao! Lakini usiwapambe sana. Walikuwa sita, marafiki tangu mwanzo, bila bunduki na bila aliyekuwa na jumba la kulinda. Bweni la watoto wengi, wakubwa na wadogo, ni jambo lingine.

Basi tuje bwenini.

Nimekusoma mara mbili, na kitu kilichonishtua zaidi ya viboko ni sentensi yako fupi kwamba aliyeibiwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wavulana wako wameiga tamthilia mpaka kwenye kosa lake. Usianze na kuwaambia "mmevunja sheria." Anza na hapo: muulize kiranja kama angekubali kushtakiwa mbele ya mtu aliyeibiwa. Akisema ndiyo, anadanganya, na wenzake watacheka.

Upande wa sheria mambo ni mafupi. Kiboko shuleni kina kanuni: anayeruhusiwa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mwanafunzi hana ruhusa hiyo hata awe kaka mkuu. Viboko sita vya kiranja ni shambulio, na kama viliacha majeraha ni kosa la jinai lenye uzito wake. Kufulishwa nguo za watu na kususiwa wiki mbili kunaingia kwenye kumdhalilisha mtoto, jambo ambalo Sheria ya Mtoto ya 2009 inalikataza. Sheria hiyohiyo inamlinda na kiranja kama hajafika miaka 18: naye hatupwi gerezani, wala hafai kuchapwa mbele ya paredi ili "aonje." Ukifanya hivyo utakuwa umeifungua mahakama yao upya, wewe ukiwa mwenyekiti.

Kuhusu ushahidi: shilingi 10,000 kwa mtoto mwenye mjomba ni pesa ya kawaida, na kila anayelala chumba kile huonekana karibu na tranka. Mpigie mjomba, hata leo, hata kama wiki tatu zimepita. Akithibitisha, mvulana asafishwe jina mbele ya walewale waliomhukumu, na kiranja ndiye atamke. Mjomba asipothibitisha, bado huna mwizi, una shaka tu, na shaka kwetu humnufaisha mshtakiwa.

Uvunje au unyooshe? Kuvunja ni rahisi na kutakupa usingizi wa wiki moja. Hofu yangu ni kwamba kikao kitahamia nyuma ya bweni baada ya taa kuzimwa, ambako hutasikia hata jina la mshtakiwa. Kupeleka kila kitu kamati ya nidhamu ya shule ndiyo njia rasmi, na kwa wizi, kipigo au jambo lolote la kimwili haina mbadala. Ila kamati hizo nazo zina ugonjwa uleule. Nimewahi kukuta moja ambayo mwalimu aliyetukanwa ndiye aliyekuwa katibu wa kikao, na hakuna aliyeona ajabu.

Mimi ningechukua njia ya kati, kwa sharti zito: adhabu iondoke kabisa mikononi mwa wanafunzi. Wabaki na baraza la kusikiliza na kupatanisha, kwa mambo ya ndoo, zamu za kufagia, maneno ya kuudhi. Mwenye mali au mwenye ugomvi asikae kitini. Aliyelalamikiwa aje na rafiki wa kumsemea, kwa sababu mtoto wa kidato cha pili mbele ya watu wa kidato cha sita hufyata mkia. Waandike kwenye daftari, nawe ulisome kila wiki. Asiyeridhika aje kwako, na wewe uwe na mahali pa kumpeleka asiporidhika na wewe pia. Njia hii ina udhaifu mmoja ambao sitaki uugundue kwa uchungu: mtoto mdogo anaweza kukubali kupatanishwa kwa woga, akasema "yameisha" huku hayajaisha. Kwa hiyo umwite faragha baada ya siku mbili tatu, umuulize tena.

Yapo ambayo jibu langu haliyatoshi. Kama mvulana ana alama zisizopona, maumivu ya mgongo au kiuno, au anakojoa damu, apelekwe hospitali leo, na mchukue PF3, ile fomu ya matibabu, polisi. Kama hali chakula, hapati usingizi, amejitenga, anakojoa kitandani au ametamka kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake usiku, na umwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri bila kungoja wiki iishe. Namba 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi. Wazazi wake wajulishwe na shule, wasisikie kwa jirani, na wakiamua kwenda polisi hiyo ni haki yao. Asitokee mtu wa kuwabembeleza wamalize kimyakimya kulinda jina la shule. Wakishindwa gharama za wakili, kuna msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017, nao wasaidizi wa kisheria wanapatikana mpaka wilayani.

Baada ya hayo, andika barua kwa hakimu mfawidhi wa mahakama iliyo karibu nanyi uombe kuleta wanafunzi wasikilize kesi za jinai siku moja. Mahakama ni ya wazi, isipokuwa kesi za watoto na chache nyingine. Wavae sare, simu zizimwe, na kiranja wako akae mbele asikie vizuri mshtakiwa akiulizwa kama ana swali kwa shahidi. Barua ya kwanza lakini iwe ile ya kwa mkuu wa shule, yenye tarehe, majina na idadi ya viboko. Hiyo iandike leo.